Kifo cha Mama Mkwe

Mbwa alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, na chini ya kichwa chake palikuwa na koti la kiaskari lililokunjwa vizuri.

Inspekta alichuchumaa mlangoni mwa banda. Hakugusa kitu. Alipopigiwa simu asubuhi ile na kuambiwa aache kazi zote aende mpakani kuchunguza kifo cha mbwa, alidhani anataniwa. Lakini bosi wake hakuwa anacheka. Mbwa yule alikuwa mali ya serikali, amefunzwa kunusa watu waliofichwa ndani ya mizigo, na tangu sheria mpya ya mipaka ianze kutumika alikuwa amekamatisha watu wengi kuliko askari wote wa kituo wakiwekwa pamoja. Madereva wa malori walimbatiza jina la Mama Mkwe. Hakubweka, hakuuma. Alilizunguka lori lako taratibu, akinusa huku na huku, na akiketi kitako mbele yako, basi huna la kusema tena.

"Nani aliyemkuta?" Inspekta aliuliza bila kugeuka.

"Mimi, afande." Askari wa mbwa alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, macho mekundu kama ya mtu aliyekaa karibu na moshi. "Nilikuja kumtoa kwa zamu ya asubuhi. Nikamwita, hakuinuka."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia kwa mkuu wa kituo."

"Hukuingia ndani?"

"Sikuingia. Nilimwona tu kutoka hapa mlangoni, nikajua."

Inspekta alilitazama tena lile koti.

Mkuu wa kituo alikuwa pembeni anajifuta shingo kwa leso. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa, ila leo sauti ilikuwa inamkatikia njiani. Alinyoosha kidole kwenye ua wa waya. Chini ya waya, upande wa ndani, palikuwa na pande la nyama lililopakwa chembechembe za buluu.

"Sumu ya panya," alisema. "Imerushwa kutoka kule." Kule ni yadi, uwanja mkubwa wa lami ambako malori yaliyosubiri kukaguliwa yalipangwa safu kwa safu, makontena yake yakimeta juani. "Waziri anakuja kesho kuzindua mtambo mpya wa kukagulia mizigo. Atasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema mpaka huu hauna tundu hata la kupitisha sindano. Sasa mimi nimwambie nini? Nataka mtu kabla ya jioni, Inspekta. Yadi nimeifunga tangu alfajiri. Hakuna lori lililotoka."

"Umefanya vizuri," alisema Inspekta. "Iendelee kufungwa. Hakuna gari litakalosogea mpaka niseme mimi."

Nyuma yake alimsikia askari wa mbwa akivuta pumzi kwa nguvu. Alidhani ni majonzi.

Alipewa chumba cha kuhojia watu kilichokuwa na meza, viti viwili na feni isiyozunguka. Katika kutembea kituoni aligundua jambo moja: hakuna mtu aliyemaliza sentensi. Alimuuliza karani wa kugonga mihuri kama alisikia chochote usiku, karani akajibu, "Usiku mimi huwa…", kisha akamtazama mwenzake wa dirisha la pili na kufunga mdomo. Dirisha la tatu halikuwa na mtu. Aliyekuwa akikaa pale, aliambiwa kwa kunong'onezwa, aliondoka na gari jeupe wiki iliyopita baada ya kumpitisha mama mmoja mgonjwa ambaye cheti chake hakikuwa cha aina mpya. Ameenda wapi? Karani aliinua mabega na kuanza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa.

Mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana kabla hata Inspekta hajafika. Ni dereva mmoja mfupi, kifua kipana, wenzake wanamwita Msumari. Jana yake alisikika akisema kwamba mbwa yule dawa yake ipo.

"Ulisema hivyo, hukusema?"

"Nilisema, mama." Msumari alikuwa ameweka mikono juu ya meza kama alivyoamriwa. "Alinizungukia gari mara tatu, na mimi sina hata mende ndani. Nilikuwa nimechoka. Mtu akichoka mdomo unajiendea wenyewe."

"Dawa gani uliyokusudia?"

"Maneno tu. Mama, ningekuwa na moyo wa kuua mama mkwe ningeanzia nyumbani. Wangu yuko hai, anakula na kusaza."

Askari aliyesimama mlangoni aliachia kicheko kidogo, halafu akakimeza na kuangalia buti zake. Msumari mwenyewe hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vinagonga meza bila yeye kujua.

"Usiku ulilala wapi?"

"Chini ya gari langu, na wenzangu wawili. Waulize. Mama, nakuomba usiliandike jina langu. Siku hizi mtu akiandikwa hapa haonekani tena. Nina watoto."

Inspekta aliwauliza madereva hao wawili, mmoja mmoja, mbali mbali. Walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti, na ndivyo ukweli unavyosemwa mara nyingi. Msumari alikoroma mpaka kulipopambazuka.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mwenye miwani mizito, na alipomaliza kumpima mbwa alimwita Inspekta pembeni, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Hiyo nyama ni ya kutuzuga," alisema kwa sauti ya chini. "Sumu ya panya inauma, afande. Mnyama angetapika, angejikunja, angekwaruza sakafu. Huyu hajakwaruza. Ulimi wake safi, hauna hata doa la buluu. Halafu mbwa hawa hufunzwa kukataa chakula cha mgeni. Mimi mwenyewe nimemtibu mwaka mzima, na nikimletea mfupa ananitazama tu kama nimekuja harusini bila mwaliko."

"Amekufaje?"

"Damu naipeleka maabara. Lakini ukiniuliza hivi pembeni, nitakwambia alilala. Alipewa kitu cha kumlaza, kikamzidi."

"Na angekula kutoka kwa nani?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akaivaa tena. "Kwa mtu mmoja tu," alisema, na yeye pia akatazama kushoto na kulia kabla ya kuondoka.

Jua lilikuwa limepanda utosini. Inspekta alirudi bandani peke yake, akasimama pale pale aliposimama asubuhi. Koti lilikunjwa mara mbili, mikono ikaingizwa ndani ili vifungo visimuumize. Mtu akimkuta maiti humfunika. Mto huwekewa anayelala. Aliyeweka koti lile aliliweka wakati mbwa angali anapumua, akamlaza kama mtu anavyomlaza mwanawe, akitegemea ataamka. Na aliyesema hakuingia ndani ndiye alikuwa askari pekee kituoni asiye na koti la sare.

Alimwita chumbani. Askari wa mbwa aliketi ukingoni mwa kiti, na badala ya kumtazama Inspekta alitazama dirisha, ambalo lilitazamana na yadi.

"Afande, samahani. Yadi itafunguliwa saa ngapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Madereva wanalalamika."

Ilikuwa mara ya tatu kuuliza swali hilo tangu asubuhi. Alimuuliza mlangoni mwa banda, akamuuliza tena ukumbini walipopishana.

"Koti lako liko wapi?"

Askari aliangalia mikono ya shati lake.

"Mbwa alikula mkononi mwako. Ulimpa nini?"

"Vidonge vyangu," alisema hatimaye. "Nilivyoandikiwa hospitali. Tangu hizi amri mpya zije silali, afande. Nilitaka alale tu. Asubuhi moja tu. Nimemlea tangu akinyonya, angejua nini yeye? Nilimkalia mpaka akapitiwa na usingizi, nikamsikia anakoroma, nikaenda zangu. Niliporudi alikuwa wa baridi."

"Nyama ukaitupa wewe."

"Nilichanganyikiwa."

Inspekta alikuwa na mtu wake. Angeweza kusimama, kumwita mkuu wa kituo na kurudi mjini kabla jua halijazama. Lakini swali lilikuwa limebaki. Kwa nini asubuhi moja? Aliamua kumtega.

"Sawa," alisema, akijifanya anakusanya vitu vyake. "Hata hivyo lazima niwahoji madereva wote, nijue nani alikuwa anakungojea umlaze mbwa. Ni wengi. Yadi haitafunguliwa leo. Labda kesho, Waziri akishaondoka."

Mtu yule aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Uso ulimbadilika rangi.

"Watakufa, afande."

"Nani?"

"Watakufa wote. Wamo humo tangu jana jioni."

Inspekta aligeuka ghafla. Alitazama dirishani, yale makontena yaliyofungwa, hewa ya moto ikicheza juu yake. Hakuna gari litakalosogea mpaka niseme mimi. Alikuwa ameyasema mwenyewe, kwa kujiamini kabisa, na mkuu wa kituo akafurahi.

"Nani yumo? Sema haraka."

"Dada yangu. Na wengine siwajui." Maneno yalimtoka yakigongana. "Aliolewa ng'ambo. Mumewe amefariki, mashemeji wakamtoa nyumbani, akataka kurudi kwetu. Lakini cheti chake cha kuzaliwa ni cha zamani, na sheria mpya haikitambui. Amefika pale dirishani mara mbili, afande. Mara mbili nimesimama na mbwa wangu namwona dada yangu anarudishwa, na sikuweza hata kumpungia mkono. Mwisho akaniletea salamu kwamba atapita ndani ya mzigo. Malori yangeondoka alfajiri. Mbwa angelala, gari lingepita, yamekwisha."

"Lori gani?"

"Sijui."

"Usinifanyie mchezo!"

"Wallahi sijui! Hawakutaka kuniambia, ili nikibanwa nisiwe na la kusema."

Walitoka mbio. Uani mkuu wa kituo aliwazuia kwa kifua chake, na Inspekta alipomweleza, leso ilimwanguka.

"Haiwezekani," alisema. "Hapa kwangu? Siku moja kabla ya Waziri?"

"Fungua makontena."

"Yamepigwa lakiri za forodha. Sheria mpya inasema lakiri haikatwi bila afisa wao, na afisa wao anakuja kesho na msafara. Nikikata, kazi sina. Ukifungua lori baada ya lori na kukosa mtu, je, utanijibia wewe?" Kisha akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza ikasikika kama ya binadamu. "Inspekta, umeliona lile dirisha la tatu. Mimi sitaki kupanda lile gari jeupe."

Inspekta alimpita. Aliwakusanya madereva langoni na kuwaambia waziwazi: ndani ya lori mojawapo kuna watu, na aliyewapakia aseme sasa hivi. Waliangalia chini, wote, kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka. Kila mmoja alijua kifungo anachopewa msafirishaji. Mmoja wao alijua zaidi ya wengine, lakini hofu iliwafanya wote wawe na uso mmoja.

Na pua pekee ambayo ingemaliza kazi ile kwa kuzunguka mara moja ilikuwa imelala bandani juu ya koti.

"Zimeni injini," aliamuru. "Zimeni redio. Jenereta izimwe pia."

Kituo kilitulia, utulivu wa kutisha, kama wa nyumba iliyohamwa. Inspekta alikwenda lori la kwanza, akagonga kwa ngumi, akaweka sikio. Chuma kilimuunguza shavu. Kimya. La pili. Kimya. Askari wengine walianza kugonga, huku na kule, makontena yakilia kama ngoma zilizokosa mpigaji.

"Hawatajibu, afande," askari wa mbwa alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Wameambiwa wakisikia mtu anagonga wasipumue. Wanadhani ni sisi."

"Basi waache kudhani. Mwite."

Alimwelewa. Alivua kofia, akaiacha ianguke, akaanza kutembea katikati ya safu huku akipaza sauti iliyopasuka.

"Dada! Dada, ni mimi! Ni Kitinda! Kitindamimba wako! Piga chuma, dada, usiogope!"

Alitembea safu ya kwanza. Alitembea ya pili, akiita jina lile la nyumbani ambalo mtu mzima huona haya kuitwa mbele ya wenzake. Hakuna aliyemcheka. Madereva walikuwa wameinua vichwa sasa. Safu ya tatu ilikuwa na lori la magodoro, limeegeshwa mahali ambapo jua lilikuwa likilichoma tangu asubuhi. Alilipita. Alikuwa ameshafika lori linalofuata Inspekta alipoinua mkono.

"Simama. Ita tena."

"Dada! Ni Kitinda!"

Haikuwa sauti ya kugonga. Ulikuwa mkwaruzo, mwepesi, wa kucha juu ya bati, kisha ukakatika.

"Hapa!" Inspekta alipiga kelele. "Leteni mtaimbo!"

Askari walitazamana. Mkuu wa kituo alikuwa amefika, anahema, macho yake juu ya lakiri ndogo nyekundu. Inspekta aliuchomoa mtaimbo mwenyewe kutoka kwenye sanduku la vifaa la lori la jirani, akauchomeka nyuma ya kufuli na kuukalia kwa uzito wake wote. Dereva mmoja alijitokeza kumsaidia, kisha wa pili. Lakiri ilikatika. Nyuma yao, dereva wa lori la magodoro aliketi chini juu ya lami, akajishika kichwa.

Mlango ulipofunguka hewa iliyotoka iliwasukuma nyuma, ya moto na nzito, yenye harufu ya jasho na mkojo. Waliyavuta magodoro, wakayatupa, wakavuta mengine. Nyuma yake palikuwa na nafasi isiyozidi chumba cha choo, na ndani yake watu, wamekaa magoti kifuani, wamelaliana. Mwanamke mmoja alifumba macho kwa ajili ya mwanga na kuinua mikono juu, akijisalimisha kwa yeyote aliyekuwa pale. Mwingine alikuwa amemkumbatia mwenzake aliyezimia. Mtu mzima mmoja wa kiume, aliyekuwa ameegemea ukuta wa chuma karibu kabisa na mlango, hakufumba macho wala kuinua mikono. Inspekta alimgusa shingoni. Akaacha mkono wake pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akitumaini.

Dada alibebwa wa mwisho. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mikubwa kama ya mdogo wake, kucha za mkono mmoja zikitoka damu. Kitinda alimwekea kichwa pajani, akimnywesha maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, huku akimsuta kwa kilio, "Ndiyo safari gani hii, dada, ndiyo safari gani hii."

Mwanamke alifumbua macho akamwona Inspekta na sare za wale waliosimama.

"Hapa ni wapi?"

"Mpakani," Inspekta alisema.

"Upande gani?"

Kabla hajajibu, mkuu wa kituo alikohoa. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi. Alikuwa ameshapiga simu.

"Gari linakuja," alisema. "Mhamiaji aliyekamatwa mpakani hurudishwa alikotoka siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyoandikwa. Wakishavuka, tutaosha hapa, na kesho hapatakuwa na cha kuonekana."

Kitinda aliganda, kifuniko cha maji mkononi. Dada alimshika kidole cha gumba kama mtoto.

Inspekta alisimama. Alijua lile gari jeupe lina nafasi ya mtu mmoja zaidi.

"Pale pana maiti, mkuu," alisema. "Mtu amekufa ndani ya yadi iliyofungwa kwa amri yako na yangu. Hii sasa ni kesi ya kifo, na mimi ndiye mpelelezi wake. Yule dereva nimemkamata. Huyu askari wa mbwa nimemkamata pia. Na hawa wote ni mashahidi wangu. Shahidi wa kesi ya kifo harudishwi popote mpaka mahakama imsikilize."

"Sheria mpya…"

"Hiyo haikuifuta ile ya zamani. Mpigie Waziri ukitaka, nikusubiri."

Mkuu wa kituo alitoa simu yake. Aliitazama, halafu akairudisha mfukoni polepole na kwenda kuwaambia watu wa lango kwamba likija gari, ligeuzwe.

Inspekta alichomoa pingu kiunoni. Aliziona nzito mno leo. Alichuchumaa mbele ya Kitinda.

"Umesikia nilichosema," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sina njia nyingine. Wakati kesi yako inaendelea, dada yako yuko hapa nchini na hakuna wa kumgusa. Kesi ikiisha, sijui."

Kitinda alimtazama dada yake, aliyekuwa amefumba macho tena, kifua chake kikipanda na kushuka. Aliweka kifuniko chini taratibu, maji yasimwagike. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi ifanye iwe ndefu, afande," alisema. "Ifanye iwe ndefu sana."